Uso Niliousafisha

Mara ya kwanza kumwona alikuwa amepiga magoti kando ya barabara ya Kondoa, suruali yake ya kaki imejaa vumbi, akichimba udongo kwa kijiko cha chakula na kuumimina kwenye chupa tupu ya maji. Mimi nilikuwa nyuma ya bodaboda, natoka Kolo kutazama michoro ya kwenye miamba. Nilikwenda huko kwa sababu moja tu: nilikuwa sijafika. Nikamgusa dereva begani asimame.

"Yule hana akili nzuri, dada," dereva akasema. "Twende zetu."

Nikashuka. Mtu akijaza udongo kwenye chupa mimi siwezi kupita, hata kama ninakokwenda nimechelewa, na siku hiyo sikuwa na ninakokwenda.

"Shikamoo. Udongo wa nini huo?"

"Marahaba. Wa uso."

"Uso wa nani?"

"Wa mzee wa nyumba ile." Akaonyesha kwa kijiko tembe iliyokuwa nyuma yake. "Shavu lake la kushoto limenigomea. Limekuwa jeusi mno, na mwenyewe ni mwekundu kama huu hapa."

Dereva akaondoka na vumbi lake. Mimi nikabaki, na nikabaki na yule mwanamke karibu mwaka mzima, jambo ambalo halijawahi kunitokea mahali pengine popote.

Niliacha shule kidato cha pili. Sikufukuzwa, wala sikupata mimba kama watu wanavyopenda kudhani. Nilichoka kukaa tu. Tangu hapo nimechuma zabibu, nimeuza ubuyu stendi, nimepika chai ya mafundi waliokuwa wanajenga ofisi za serikali, na miaka miwili nilifanya kazi kwenye studio ndogo ya picha Mpwapwa. Popote nilipokaa niliuliza maswali hadi watu wakanichoka, au mimi nikawachoka wao. Mama yangu alikuwa akiniambia kwa simu, "Wewe utaolewa na barabara." Nilipomwambia nimepata kazi ya kuchekecha udongo, aliuliza kama nakula vizuri.

Yule mwanamke alikuwa mchoraji wa sura za watu. Kwao ni Chemba, Msandawe. Aliniambia alipokwenda shule ya bweni wenzake walikuwa wakimzunguka wakati wa mapumziko na kumwambia, sema maji, sema moto, sema mama, ili wasikie ulimi wake unavyogonga na kupasua sauti, kisha wacheke. Akanyamaza karibu muhula mzima. Badala ya kusema akawachora nyuma ya daftari.

"Kichwa cha mtu anayekucheka kinakaa vizuri sana kwenye karatasi," alisema. "Mdomo wote uko wazi. Huhitaji kubuni."

Sasa alikuwa na miaka kama arobaini, na akizungumza na mama yake kwenye simu aliweka sauti ya juu, kusudi, katikati ya duka la vifaa vya ujenzi, ulimi ukipasua kama mtu anayemenya karanga kwa meno. Watu waligeuka. Yeye aliendelea, na mimi nilisimama pembeni nikijisikia fahari kana kwamba lugha ile ni yangu.

Banda lake lilikuwa Nkuhungu, nyuma ya nyumba ya kupanga, ukuta wa matofali hadi kiunoni na mabati kutoka hapo hadi juu. Nilipoingia mara ya kwanza nilipiga kelele. Sioni aibu kusema. Nyuso kubwa kama milango zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na hazikuwa bapa! Pua zilitoka nje. Mikunjo ya paji la uso ungeweza kuingiza kidole. Kulikuwa na mama muuza mlenda mkavu, mchungaji mwenye blanketi, mwalimu mstaafu aliyekasirika, na kila mmoja alikuwa na rangi yake hasa, kwa maana kila mmoja alichorwa kwa udongo wa kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya dada, kama nilivyozoea kumwita. Ukikubali kuchorwa, anachimba uani kwako, mahali unapokanyaga kila siku. Udongo unakaushwa, unatwangwa kwenye kinu, unachekechwa kwa kipande cha chandarua na baadaye kwa kitambaa laini, kisha unachanganywa na gundi nyeupe ya mbao. Anaupaka kwa vijiko, kwa kisu cha kupakia siagi, kwa vidole, juu ya kitambaa cha amerikani kilichobandikwa kwenye ubao ili kisicheze na kupasua kazi. Tabaka juu ya tabaka.

"Watu wa huku wamezoea kutazamwa pamoja na mbuyu," aliniambia. "Mgeni anafika, anapiga picha ng'ombe, vumbi, mti, na mtu mmoja katikati kama kipimo cha ukubwa wa mti. Mimi nataka mtu ajaze ubao hadi ng'ombe akose pa kusimama."

Nililala siku ile nikirudia maneno hayo kama mtoto aliyefundishwa wimbo. Kwa nini shuleni hawakutuambia kuna kazi kama hii? Ningekaa.

Kazi yangu ikawa kuchekecha udongo, kubeba mbao, na kupiga picha, kwa sababu kamera niliijua. Yeye alikaa na mtu mara moja, saa moja au mbili, akimchora kwa mkaa kwenye karatasi. Mimi nilipiga picha. Nikirudi mjini nazichapisha kubwa kwenye steshenari, na yeye anafanya kazi wiki kadhaa akitazama karatasi zake na picha zangu.

Alipata ukumbi mjini wa kufanyia maonyesho yake ya kwanza, na akasema sura ya katikati, ile utakayokutana nayo ukifungua mlango, bado hajaipata. Mtu mmoja akatuambia habari za bibi mpiga ngoma kijiji kimoja mbele ya Buigiri.

Tulimkuta ameketi nje na wifi yake, wanapepeta uwele. Alikuwa na miaka sabini hivi, mwembamba, mgongo umenyooka, kilemba cha kitenge kimeshuka hadi kwenye nyusi na kufunika masikio. Hakuwa anaona. Nikamsalimia kwa Kigogo kidogo nilichookota kwenye mashamba ya zabibu.

"Mbukwenyi, bibi."

"Mbukwa. Huyu anatamka kama amemeza kiazi cha moto," akamwambia wifi yake. "Wa wapi huyu?"

"Wa barabarani," wifi akajibu baada ya kunitazama viatu. Wote wawili wakacheka hadi ungo ukatikisika.

Dada akajieleza. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na alipomaliza, uso wake ukawa mgumu.

"Nimepigwa picha mara nyingi," alisema. "Wanakuja na gari. Mimi nachukua ngoma yangu, wao wananiambia, weka ngoma chini mama, shika fimbo. Tazama chini kidogo. Siku moja mtu wa hapa akarudi kutoka mjini akasema, bibi, nimekuona kwenye kalenda, na chini wameandika usaidiwe. Mimi! Ninayepiga ngoma watu wa vijiji vitatu wanaacha pombe zao mezani. Nimezunguka nchi nzima naomba, na sijatoka hapa kwenye kigoda."

"Mimi sichori mtu anayeomba, mama," dada akasema.

"Wewe unasema. Nitajuaje? Wote mna macho, mnaambiana." Akainua mikono yake miwili, viganja vigumu vya mpiga ngoma, vidole virefu. "Nasikia picha zako zinashikika. Basi nitaisoma kwa hivi, kabla mtu mwingine hajaiona. Nikijikuta humo, itundikeni popote, hata ikulu. Nisipojikuta, mtaivunja hapo hapo nikisikia."

"Hata kama kesho yake ni maonyesho?" nikauliza mimi, mdomo wangu huo.

"Hata kama watu wameshakaa wanakunywa soda."

Dada akampa mkono. Wakashikana kwa muda mrefu, kama watu wanaouziana ng'ombe.

Akamchora kwa mkaa zaidi ya saa moja, kilemba kikiwa kichwani, ngoma imebanwa katikati ya mapaja kama akina mama wa Kigogo wanavyoishika. Kisha mawingu yakakusanyika upande wa milimani, na dada akakimbia na chupa zake nyuma ya nyumba kuchimba udongo kabla haujalowa. Tukabaki mimi, bibi na wifi yake.

"Ameondoka?" bibi akauliza.

"Amekwenda kuchimba."

"Yeye amenichora nimetulia. Basi wewe wa barabarani, nipige hivi." Akavua kilemba.

Nywele zake zilikuwa nyeupe, fupi. Ndewe za masikio zilikuwa zimetobolewa kwa mtindo wa zamani, matundu mapana, nyama imening'inia hadi karibu na taya. Katikati ya paji la uso palikuwa na alama ya duara, kovu kongwe, ukubwa wa kitufe cha koti. Akaanza kupiga ngoma, si kwa nguvu, akaimba, mdomo wazi, shingo imevimba, na mimi nikabonyeza kamera huku nywele za mikono zimenisimama. Matone ya kwanza yakaanguka. Wifi akamtupia kilemba kichwani na kumvuta ndani. Dada aliporudi amelowa, mambo yalikuwa yamekwisha.

Sasa niseme nilichofanya.

Kwenye ile studio ya Mpwapwa, neno lililotumika zaidi lilikuwa "nisafishe". Mtu analeta picha ya harusi, ya ubatizo, ya marehemu baba yake ya kuwekwa sebuleni, anasema, nisafishie. Bosi wangu alinifundisha kwenye kompyuta: ondoa kovu, lainisha shavu, ng'arisha macho. Na kwa wazee kulikuwa na kazi maalumu. Watoto wao waliosoma walileta picha za baba mwenye ndewe zinazoning'inia na kuniambia kwa sauti ya chini, hayo masikio, dada, yaunge. Nilikuwa bingwa wa kuunga masikio. Na zile alama za duara za kwenye paji nilizifuta kwa mbofyo mmoja, kabla hata mteja hajaomba, kama vile fundi cherehani anavyokata uzi unaoning'inia. Nilipofuta nilijiona nimemtendea mtu wema. Watu walilia kwa furaha wakiona wazazi wao safi.

Basi jioni ile nikafungua picha za bibi, na mkono wangu ukafanya kazi wenyewe. Niliunga masikio. Nilifuta alama. Nilifanya vizuri sana, nikatabasamu peke yangu, nikachapisha, na kadi ya kamera nikaifuta iwe tayari kwa kazi nyingine, kama nilivyozoeshwa.

Dada alipoiona picha ile ya kichwa wazi alinikumbatia. "Umeipata! Angalia mdomo! Angalia shingo!" Akasukuma pembeni michoro yake ya mkaa na kubandika picha yangu ukutani. Kwa wiki tatu alifanya kazi kama mtu mwenye homa. Nilitwanga, nilichekecha, nilikoroga gundi. Udongo wa kwa bibi ulikuwa mwekundu unaoelekea zambarau ukiwa mbichi, na ukikauka unakuwa rangi ya ngozi iliyoota jua. Mdomo wa ule uso ulikuwa pango. Nilikuwa nikiamka alfajiri kwenda kuutazama kabla sijanywa chai. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwa kitu nilichokifanya kwa mikono yangu, na sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi. Alhamisi bibi akaja na wifi yake, wote wamevaa vitenge vipya. Dada alikuwa hajalala. Tulikuwa tumelaza ubao juu ya meza mbili ili mikono ya bibi ifike kila mahali. Alinawa, akajifuta taratibu, akasogezwa.

Alianzia kidevuni. Vidole vilipanda kwa haraka kwenye mdomo, vikaingia ndani, na akacheka.

"Yuu! Mdomo wote huu wangu?"

"Ni wako," wifi akasema. "Na umepunguzwa."

Akaenda shingoni, akapapasa mishipa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Pua. Mifupa ya mashavu. Akakaa kwenye macho kwa muda, akayazunguka. Dada alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilimwona mishipa ya mikono. Kisha mikono miwili ya bibi ikaondoka machoni na kwenda pembeni, kulia na kushoto, kwenye masikio.

Ikasimama.

Ikaenda chini, ikatafuta. Ikarudi juu. Mkono mmoja ukaacha sikio na kwenda kwenye paji la uso, ukapita katikati, laini, ukapita tena, ukiwa wima, ukiwa ubavu, kama mtu aliyeangusha sindano kwenye mkeka.

"Huyu ni nani?" bibi akauliza.

Wifi akanyoosha shingo kutazama ubao.

"Nimeuliza huyu ni nani. Mdomo ni wangu. Mwenye kichwa hiki simjui."

"Mama, nimekufuata kila mahali," dada akasema. "Kila mkunjo. Kosa liko wapi?"

Bibi akavua kilemba. Dada akaona kile ambacho hakuwahi kukiona. Akatazama ndewe zile, akatazama alama, akageuka kutazama picha iliyokuwa ukutani, akarudi tena kwa bibi, na taratibu sana akageuka kwangu.

Nakiri kwamba kwa pumzi mbili tatu nilifikiria mlango. Nimeondoka sehemu nyingi kwa namna hiyo. Mfuko wangu ulikuwa chini ya meza na stendi haiko mbali. Lakini nilitaka kujua. Hata wakati ule nilitaka kujua lile duara lilikuwa na nini hadi mtu atake kuvunja uso mzima kwa ajili yake.

"Ni mimi, bibi," nikasema. "Nilikusafisha. Picha ilikuwa na alama yako ya kwenye paji, nikaitoa kwenye kompyuta. Na masikio niliyaunga. Dada hakujua kitu. Nilidhani nakupendezesha."

"Alikusafisha!" wifi akapiga makofi mara moja. "Wifi, kumbe ulikuwa mchafu!"

Bibi hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande kama siku ile ya kwanza.

"Wewe wa barabarani, njoo hapa. Lete mkono."

Akashika kidole changu cha shahada na kukiweka kwenye paji lake. Nilidhani nitakuta kitu kibaya. Palikuwa na joto, palikuwa laini kuliko ngozi yake nyingine, kingo zimeinuka kidogo na katikati pamebonyea, kama kisahani.

"Nilikuwa mdogo," akasema. "Macho yanauma, yanatoa maji usiku na mchana. Wengine watakuambia hii ni urembo, wengine watakuambia ndivyo Wagogo walivyo. Yangu mimi, bibi yangu alinibana kichwa kwa magoti yake akanichoma hapa ili ugonjwa utoke. Nakumbuka harufu. Nakumbuka alikuwa analia kuliko mimi. Macho yakapona. Nikaona miaka mingi, binti, nikaolewa naona, nikazaa naona. Yalikuja kufa nimeshakuwa mtu mzima. Watu wa kalenda wanapenda macho. Mimi uso wangu uko hapa. Hapa ndipo mtu alipohangaika kwa ajili yangu."

Nilitaka kuondoa kidole, akakishikilia.

"Sasa," akasema, "tulikubaliana kuvunja."

Dada alikuwa ameshachukua nyundo. Sisemi uongo. Alikuwa amesimama na nyundo mkononi, machozi yanamdondoka kwenye shati, na nikaelewa kwamba angeivunja kweli, wiki tatu zile, na kufungua ukumbi wenye nafasi tupu katikati, kwa sababu alimpa mtu mkono.

"Nitavunja mama," akasema. "Ni haki yako."

"Subiri kwanza. Udongo wangu umebaki?"

"Ndoo nusu."

"Masikio utayafanya wewe, maana ni kazi. Haya, shika uone yanavyokaa." Kisha akanisukuma mimi kwa kiwiko. "Hii ya hapa atairudisha aliyeitoa. Akiweza, vizuri. Asipoweza, nyundo si ipo?"

"Bibi, mimi sijawahi kuchora hata kuku."

"Na kufuta ulijifunza wapi?"

Wifi akavuta kigoda, akakaa, akakunja mikono kama aliyekuja kwenye mpira.

Nilitwanga udongo. Nikachekecha mara tatu. Dada alinionyesha jinsi ya kukwangua mahali pale na kupalowesha ili udongo mpya ushike ule wa zamani, kisha akaenda upande wa masikio na hakunitazama tena. Nikaweka tonge dogo. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Bibi akapapasa.

"Hili shimo la panya. Bibi yangu hakuwa na hasira kiasi hiki."

Nikakwangua. Nikaanza upya, nikajaza zaidi, nikabonyeza kwa kitako cha kijiko.

"Kitumbua," akasema bibi.

"Na hakijaiva," wifi akaongeza.

Mara ya tatu niliomba kushika tena paji lake. Nikafumba macho bila kufikiri, nikazunguka ukingo polepole hadi nikajua mahali panapoinuka na mahali palipolegea kidogo upande wa kushoto, kwa sababu halikuwa duara kamili. Mtoto alikuwa ametikisika, au mkono wa bibi yake ulitetemeka. Nilikuwa nimefuta mamia ya alama hizo na sijawahi kujua kwamba kila moja ina upande. Mkono mmoja kwenye ngozi, mkono mmoja kwenye udongo, nikaifuata. Nikasahau Jumamosi. Nikasahau nyundo. Nilisikia damu inanigonga masikioni kwa furaha ambayo siwezi kuieleza, furaha ya kujifunza kitu papo hapo, kidole kikijua kabla ya kichwa.

Nikarudi nyuma. Bibi akasogea.

Akagusa. Akazunguka ukingo, akafika ule upande wa kushoto uliolegea, akasimama hapo. Akarudia. Kisha akainua mkono mwingine akajigusa mwenyewe, akakaa hivyo, kidole kimoja kwenye uso huu na kingine kwenye ule. Alipokwenda kwenye masikio, dada alikuwa ameshaachia ndewe zote mbili zikaning'inia na matundu yake.

"Wifi," akasema hatimaye, "hebu mtazame huyu. Ni nani?"

Wifi akainuka, akazunguka meza, akauangalia uso ule kwa ukali.

"Ni yule mgomvi aliyeolewa kwetu," akajibu.

"Basi itundikeni. Lakini chini. Mwenye mikono afike."

Dada aliweka nyundo juu ya dirisha na kukaa chini sakafuni kama mzigo uliokatika kamba. Mimi nilitoka nje nikakimbia hadi mwisho wa mtaa na kurudi, mtu mzima wa karibu miaka thelathini, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kuufanyia mwili wangu.

Jumamosi udongo wa masikio ulikuwa haujakauka vizuri na tuliubeba ule ubao kama mgonjwa. Tuliutundika usawa wa kifua. Bibi aliketi kiti cha pembeni yake, ngoma mapajani, kilemba amekiacha nyumbani. Watu wakaingia: wanafunzi wa chuo, watumishi wa ofisi na vitambulisho vyao shingoni, akina mama wa kikundi cha ngoma cha bibi waliokuja na lori, mchungaji mwenye blanketi akijitazama mwenyewe ukutani bila kupepesa. Nilijibana karibu na bibi kusikiliza, maana nilijua na yeye alijua swali tuliloliogopa. Nilisubiri mtu aseme maskini bibi. Nilisubiri mtu aulize amekuwa haoni tangu lini.

Kijana mmoja mwenye suti ya ofisini akasimama mbele ya ule uso. Akaukaribia. Akatazama huku na huku kama mwizi, akaweka kiganja kwenye shingo iliyovimba, kisha kwenye paji, na akakiacha pale.

"Samahani," akaniuliza, "hapa alikuwa anaimba nini?"

"Amesemaje?" bibi akauliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Anauliza ulikuwa unaimba nini, bibi."

"Aniulize mimi. Niko hapa, si bubu." Tayari alikuwa ameibana ngoma na kuinua mikono, na akina mama wake, waliokuwa wametawanyika ukumbi mzima na soda zao, wakaanza kuziweka chini.